Lumbesa Asimama Mahakamani

Singida Mjini
Ijumaa, 17 Julai 2026

Dada Agripina,

Jana asubuhi, katika Mahakama ya Watoto kule Kiomboi, Hakimu alitamka kwamba kuanzia siku hiyo Aneth ndiye mlezi wa Faith kwa mujibu wa sheria. Nilikuwa nimekaa benchi la pili na nilimsikia kwa masikio yangu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeziruka salamu ulitafute.

Sasa, shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za siku nyingi, na habari za masista wenzako hapo konventini? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii ya Julai? Huku sisi ni wazima. Upepo wa ziwa unatupiga vumbi kama kawaida yake, alizeti zimeshavunwa, na vitunguu vya Misigiri ndiyo viko kwenye kilele chake. Redioni nipo vilevile, isipokuwa mkuu wangu wa kazi amenikumbusha mara mbili kwamba likizo yangu imekwisha. Nimemwambia bado nilikuwa na shauri.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Uliniuliza kama Aneth anakula vizuri, na kama nimefanya ulichoniagiza. Anakula, na amenenepa. Hilo lingine nitakujibu mwishoni, na tafadhali usiruke.

Habari hizi umezipata vipande vipande kupitia kwa paroko, kwa hiyo nazipanga upya. Tulipomzika Lea, mdogo wetu, mwaka jana, Faith alibaki na Aneth wetu katika nyumba ileile ya Misigiri alimokuwa akiishi na mama yake tangu Gasto, baba yake, alipofariki. Hakuna aliyelizungumza mpaka mwezi wa pili mwaka huu, ambapo Stefano, kaka yake Gasto, alikuja kutoka Ihanja akiwa na wazee wawili wa ukoo. Walipokelewa vizuri, wakapewa viti na uji. Stefano akasema ametumwa kumchukua mtoto. Ng'ombe walitoka Ihanja kuja Misigiri kumwoa Lea, na mtoto hurudi kwa njia waliyokuja nayo ng'ombe. Sijaona, yule mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa vitunguu anakofanya kazi Aneth, alikuwepo kama jirani, pamoja na wenzake wa kikundi. Akamjibu kwamba ng'ombe wale walishakufa wote na mtoto yu hai, sasa amfuate nani huko njiani?

Wazee walicheka. Stefano hakucheka. Si mtu mbaya, nimemhoji mara nyingi na sijamkuta na uongo. Ana nyumba ya bati, ana mke mpole, na anampenda mtoto wa ndugu yake. Ila alikuwa na hoja ya pili, nzito kuliko ya ng'ombe. Alisema Aneth ni bubu na hasikii. Mtoto akiugua usiku akaita, nani ataitika? Bodaboda ikimjia kwa nyuma, nani atapiga kelele? Akauliza, kwa kejeli, Aneth na huyo mtoto wanaitanaje pale, au wanarushiana mawe? Hapo ndipo wanawake walipoangua kicheko mpaka wakashikana mabega, maana ndivyo ilivyo. Faith akimtaka mama yake mkubwa shambani humrushia kitunguu kidogo mgongoni. Aneth hageuki kwa hasira. Hugeuka akitabasamu.

Afisa ustawi wa jamii alitushauri tusibishane kwenye uji, twende mahakamani. Aneth akaomba ulezi, Stefano akaweka pingamizi. Ripoti ya ustawi ilisema nyumba ni safi, mtoto anasoma, anakula na ana raha. Ila kwenye suala la mawasiliano afisa alimwachia Hakimu. Kwa hiyo shauri zima likabaki kwenye masikio ya Aneth. Akishindwa, Faith angehamia Ihanja wiki hiyohiyo.

Kikao cha kwanza kilikwama kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mahakama ilimwita mkalimani wa lugha ya alama kutoka Dodoma, kijana mstaarabu, msomi wa kazi yake. Akamsalimu Aneth kwa mikono. Aneth akamtazama kama unavyomtazama mgeni anayekusemesha Kichina. Kisha naye akasema yake, na ikawa zamu ya kijana kuduwaa. Unakumbuka kwamba Aneth hakukanyaga shule ya viziwi hata siku moja. Lugha yake ilianzia jikoni kwa Mama na imekulia kwenye majaruba ya vitunguu. Mkalimani alimweleza Hakimu ukweli, nami nikamheshimu: huyu mama ana lugha kamili, lakini siyo aliyoisomea yeye.

Hakimu ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, haongezi neno. Alisema hataamua juu ya mtu ambaye hajamsikia, wala hatamsikia kupitia kwa mwenye maslahi. Mimi ni ndugu, nikatolewa. Wanawake wa kikundi walikuwa mashahidi wa Aneth, wakatolewa. Faith ndiye anayegombewa. Hakimu akatupa mpaka tarehe 9 Julai kumleta mtu asiye ndugu wala rafiki, anayeijua mikono ya Aneth. Asipopatikana, mahakama itaamua kwa maandishi yaliyopo. Tulitoka nje. Aneth aliniuliza wamesema nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia kwa mikono: wanataka adui anayenielewa.

Dada, huyo si rahisi kumpata. Nilizunguka Misigiri kama ninavyozunguka wakati wa uchaguzi. Mwalimu wa Faith anajua alama za njoo, kaa, na umefaulu. Muuza duka anajua sukari, chumvi na mkopo hakuna. Katekista alidai anajua zote. Nikamwomba amuulize Aneth alipanda lini, Aneth akaenda kumletea maji ya kunywa.

Nilimpata nilipokuwa nimeacha kutafuta, siku ya lori. Lazima nikueleze siku ya lori, maana ulipoondoka mambo hayakuwa hivi. Mnunuzi akija, Sijaona husimama mbele kuzungumza bei kwa mdomo. Nyuma yake wanawake wamekaa wanakata majani ya vitunguu, na mikono yao haikati tu, inazungumza. Wamejifunza lugha ya Aneth wote, kwa sababu shambani ni mbali kupigiana kelele na kwa sababu mnunuzi haijui. Mdomo wa Sijaona hutaja bei moja, mikono ya nyuma huamua nyingine. Mnunuzi anazungumza na mtu mmoja akidhani ni mmoja, kumbe kakaa na halmashauri nzima.

Mnunuzi wao mkubwa ni Hajira, wa hapa mjini, wa ukoo wa wale wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka pwani wakaolewa na kuoa huku. Ni mwanamke mkali. Wanawake wa Misigiri wamemsusia mara mbili kwa sababu ya lumbesa, yale magunia anayotaka yajazwe mpaka yavuke mdomo na kuvishwa kofia ya wavu. Hata jina walilompa kwa mikono ni hilo. Ukiinua viganja viwili juu ya kichwa kama unashika kilima, umemtaja Hajira: ni lumbesa, na ni kilemba chake pia.

Nilikaa pembeni siku hiyo nikiangalia. Aneth akawaambia wenzake kwa mikono kwamba Lumbesa leo ana haraka, lori limekodiwa, wasishuke hata kidogo. Sijaona alikuwa hajageuka bado, hajafungua mdomo. Lakini Hajira alikuwa ameshashusha mabega. Mimi kazi yangu ni mikutano na wakubwa, Dada. Namjua mtu anayesubiri jibu, na namjua mtu ambaye jibu ameshalipata.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake mjini. Alinikaribisha chai ya tangawizi na kaimati, akaniuliza mwandishi anataka habari gani, vitunguu vimepanda au vimeshuka. Nikamwambia sitaki habari, nataka kujua ameanza lini kuielewa mikono ya Aneth. Akakana. Nikainua viganja juu ya kichwa, nikasema kwa mikono kwamba Lumbesa ni mwongo. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

Alisema alijifunza kwa kujihami. Msimu wa kwanza walimnyonya, wa pili wakamnyonya, akaona afadhali asome. Alisoma kwa macho, kimya, msimu baada ya msimu, na tangu hapo anajua kila wanachosema, pamoja na wanayosema kuhusu mwendo wake. Nilipomweleza ninachotaka, aliacha kucheka. Aliniambia namwomba avue nguo sokoni. Akisimama mahakamani kusema anaielewa mikono ile, siku inayofuata hana tena chake pale Misigiri. Nikamwambia ni kweli, sikuwa na cha kumlipa na sikumwahidi kitu.

Akamimina chai nyingine. Kisha akanisimulia kwamba mwaka jana, siku chache baada ya msiba, alikuwa juu ya lori akimwona Aneth na Faith mwisho wa jaruba. Faith alikuwa anauliza mama yake atarudi lini. Aneth alichukua kitunguu, akakizika, akamweleza mtoto kwa mikono kwamba hiki kitaota na mama hataota, na kwamba si kosa la mtu, si la Faith. Walikaa pale mpaka mtoto akaelewa. Hajira alisema mume wake alipofariki, yeye mwenye masikio na ulimi ameshindwa kumweleza mwanawe hivyo hadi leo. Akaniuliza kikao kinaanza saa ngapi.

Tarehe 9 Stefano aliulizwa kama anamkubali Hajira awe mkalimani. Alikubali haraka. Alisema kila mtu kuanzia Misigiri mpaka Ihanja anajua huyo mama na kikundi hicho hawaivi chungu kimoja. Hakimu hakutosheka na hilo. Alimnong'oneza Sijaona maneno, Sijaona akamwambia Aneth kwa mikono, na Hajira, aliyesimama upande wa pili wa chumba, akayasema kwa sauti. Hakimu akarudia kwa maneno mengine, na mengine. Hajira hakukosea. Sijaona alikuwa anamtazama huku rangi inambadilika. Mwisho alishindwa kujizuia, akauliza mbele ya mahakama: kumbe miaka yote hii ulikuwa unatusikia? Hakimu akamwonya anyamaze. Hajira akamwambia kwa mikono, bila sauti, kwamba mwendo wake yeye Hajira hauna kasoro yoyote.

Hajira akaapishwa. Aneth alipomwona anakuja kusimama mbele yake, mikono ikamtoka kabla hajafikiri. Hakimu akauliza mwombaji amesema nini. Hajira akajinyoosha, akasema kwa sauti ya sokoni: "Mheshimiwa, amesema Lumbesa amesimama. Lumbesa ni mimi." Karani wa mahakama aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta kalamu.

Baada ya hapo, Dada, Aneth alizungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo, na nimetumia neno hilo kwa makusudi. Hakimu alimuuliza mtoto akiugua usiku atajuaje. Aneth akatoa mfukoni utepe wa kitenge, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake, ncha nyingine akampa Hajira ashike. Alieleza kwamba tangu Faith akiwa mchanga na Lea akiwa mgonjwa, walilala wamefungana hivyo, na mtoto akigeuka tu yeye huamka. Sasa Faith ni mkubwa, hulala huru, lakini akijisikia homa huja mwenyewe na utepe. Ndiyo maana jina la Faith kwa mikono ni kushika kifundo cha mkono. Hajira aliyasema yote hayo bila kuongeza wala kupunguza, isipokuwa mkono wake haukuuachia ule utepe mpaka alipoambiwa.

Wakili wa Stefano akauliza kuhusu simu. Shule ikipiga, nani atapokea? Aneth akajibu kwamba mwalimu hupiga kwa Sijaona, na Sijaona yuko jaruba la pili. Kisha akamgeukia Stefano mwenyewe. Alisema: Lea alipolazwa, wenye masikio wa Ihanja walipigiwa simu siku baada ya siku. Simu iliita na kuita. Mimi sikupigiwa na mtu, na nilikuwa pale. Stefano alitazama chini. Hakuulizwa, lakini alisema ni kweli. Nimekuambia si mtu mbaya.

Hakimu alimwita Faith ofisini kwake peke yake. Alichosema mtoto sikijui. Nimemuuliza, amekataa, amesema ni siri yake na Mheshimiwa. Kwa hiyo hapo sina habari ya kukupa.

Uamuzi ukasomwa jana. Hakimu alisema mahakama imemsikia mwombaji, akalirudia neno imemsikia. Ulezi ni wa Aneth. Faith atakwenda Ihanja nusu ya likizo ya Desemba, maana Stefano ni baba yake mkubwa na hilo halifutiki. Afisa ustawi atawatembelea kila baada ya miezi mitatu.

Nje wanawake walikuwa wamejaa uwanja. Hawakupiga vigelegele. Kuna alama wanayotumia bei ikishakubalika: mkono mmoja unashika mdomo wa gunia, mwingine unashona. Maana yake limefungwa, halifunguliwi. Aneth alipotokea mlangoni, uwanja mzima ulikuwa unashona, kimya kabisa. Wapita njia walidhani ni kanisa jipya. Hajira alikuwa nyuma yao, naye anashona. Aneth alimwona, akainua viganja juu ya kichwa, kisha akaviweka kifuani. Hiyo ya kifuani haikuwepo kwenye jina lake zamani. Stefano alikuja akampa Aneth mkono, akamwambia Faith kwamba Desemba kuna ndama wa kuchagua. Faith akamuuliza kama atajifunza kuongea na mama yake mkubwa. Akasema atajaribu. Faith akamfundisha alama moja palepale, lakini sijui ilikuwa na maana gani, kwa sababu Sijaona aliiona akageuza uso kucheka.

Wanawake wanaambiana sasa kwamba wameshabadilisha alama zote za bei. Hajira ameniambia anawapa msimu mmoja.

Sasa la mwisho, ulilonisubiria. Kabla ya Pasaka uliniagiza nipeleke mahakamani maombi yangu pia, yawe akiba, ili Aneth akikataliwa nipewe mimi. Msaidizi wa kisheria alinishauri hivyohivyo. Sikupeleka. Sikusahau, na sikukosa nauli. Hakimu akiwekewa njia mbili, moja ya vumbi na moja ya lami, atapita kwenye lami, na hakuna atakayemlaumu. Mimi ndiye lami, Dada. Nina mshahara, nina umeme, nina masikio. Ningeweka maombi yangu pale, Aneth angekuwa ameshindwa kabla mikono haijainuliwa. Kwa hiyo niliifunga njia yangu. Tungeshindwa, leo Faith angekuwa Ihanja na mwenye kulaumiwa ningekuwa mimi peke yangu. Sikukwambia kwa sababu ungeniombea nibadili nia, na maombi yako huwa yanafika.

Wala usidhani Hakimu hakuliona. Alimuuliza Aneth kwa nini mlezi asiwe mimi, dada mwenye kazi mjini. Aneth alinitazama kwanza, kisha akamjibu, na Hajira akatafsiri hivi: Yunisi kazi yake ni kusikiliza mkoa mzima. Mimi kazi yangu ni kumtazama huyu mmoja. Nimeripoti habari za mahakama muda mrefu na sijapata nukuu bora kuliko hiyo. Sikuitangaza redioni. Nimekuwekea wewe.

Salamu kutoka kwa Sijaona na kikundi chote, na kutoka kwa paroko. Hajira anakusalimu ingawa hamjaonana, anauliza kama konventi yenu inanunua vitunguu. Wasalimie masista, hasa yule mzee wa bustani aliyenitumia mbegu. Aneth anakuita bado kwa jina lako lilelile, kidole kinachozunguka uso kama shela.

Afisa ustawi atafika Misigiri Jumanne, tarehe 11 Agosti, kwa ziara ya kwanza. Siku tatu baadaye tunapanda lori la Hajira mpaka Dodoma, kisha basi. Jumamosi tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria na siku yenu ya wageni, tutakuwa kwenye ule wavu unaowatenga na wageni katika chumba cha mazungumzo, baada ya misa: Aneth, Faith na mimi. Mwambie Mama Mkuu asihofu, wageni wako wawili hawatauvunja ukimya wenu. Wewe fanya mazoezi ya mikono.

Mdogo wako,
Yunisi